Tujenge Bila Kuubomoa Mlima

(Maneno ya Kamati ya Fedha mbele ya mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya ujenzi)

 

Tumepewa dakika chache za kueleza kwa nini makisio ya mwaka huu yana madarasa mawili, wakati wengi wenu mlitarajia matatu. Tunajua swali hilo limezungumzwa sana, hata ndani ya magari tangu Mombo. Ni swali la haki, maana fedha ni zenu na wanaosongamana madawatini ni watoto wenu. Jibu fupi ni hili: fedha ya darasa la tatu imekwenda kwenye vitu ambavyo havipigwi picha siku ya ufunguzi. Nayo ni msingi, ukuta wa kuzuia udongo, mifereji, na usalama wa watu watakaojenga.

Huku kwetu hakuna kiwanja tambarare kinachosubiri shule. Ili kupata mahali pa kujenga, lazima tukate mlima. Ukishaukata, udongo wa juu umepoteza egemeo lake. Masika yakija, maji yanaingia, udongo unakuwa mzito, unateremka. Sote tumewahi kukaa njiani kati ya Mombo na Soni tukingoja kifusi kiondolewe. Na sote tunakumbuka Hanang, Desemba 3, 2023, matope yaliposhuka kutoka mlimani hadi Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Kwa hiyo ukuta wa mawe nyuma ya madarasa, wenye matundu ya kupitishia maji, si pambo.

Chukueni na hesabu ya paa. Paa la madarasa mawili ni kama mita za mraba 150. Mvua ya milimita 20, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida, inaangusha juu ya paa hilo lita 3,000 za maji. Bila mifereji, maji hayo yote yanatua kwenye kitako cha ukuta na kuchimba msingi, kisha yanashuka kwenye shamba la jirani. Tukiweka mifereji na tangi, maji hayo hayo yanakuwa ya vyoo na ya kunawia mikono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa pili hulipiwa na mfuko ule ule.

Tuje kwenye vifaa. Tofali la kuchoma linaonekana rahisi kwa sababu kuni hatuziandiki kwenye daftari. Lakini tanuri moja linakula miti mingi, na miti hiyo ndiyo inayoshika udongo tunaouogopa. Tunapendekeza matofali ya kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyafundisha: udongo wa hapa hapa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali linamwagiliwa maji kwa siku kadhaa hadi likomae. Halihitaji kuni. Linahitaji uvumilivu na fundi asiyepunja saruji.

Mbao za paa zitakuwa za msitu wa kupandwa, kama ule wa Shume, zenye kibali na risiti. Tusidanganyike na mbao za bei chee zinazoletwa usiku. Wenzetu wa Usambara Mashariki waliona msitu wa asili ukivunwa kwa mashine miaka ya 1970 na 1980, hadi kelele zikawa kubwa na uvunaji ukasimamishwa. Mwaka 1997 ikaanzishwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kulinda kilichobaki. Wazee wetu walisema kuna kuzifya shi na kuna kubana shi: kuiponya nchi na kuiharibu. Hatuwezi kuwajengea watoto shule kwa kubana shi.

Usalama nao una gharama yake. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024, jengo la Kariakoo lilianguka na zaidi ya watu 20 wakafa. Sisi hatujengi ghorofa, lakini mtaro wa msingi wenye kina cha mita mbili unaweza kumfukia mtu bila ghorofa yoyote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya mijini peke yake. Tumeweka fungu la kofia ngumu, buti, glavu, mbao imara za majukwaa na sanduku la huduma ya kwanza. Tunaomba pia mkutano huu upitishe kwamba wanafunzi hawatabeba mawe wala kuingia eneo la ujenzi. Mtu akivunjika mguu kwenye msaragambo, familia yake inapoteza msimu mzima wa kilimo. Gharama hiyo haiandikwi popote, lakini kuna mtu anailipa.

Hayo yote yatashindikana tusipokuwa pamoja. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuhifadhi udongo Mlalo. Kulinda udongo lilikuwa jambo jema, lakini watu walilazimishwa kuchimba matuta bila kuulizwa. Walikataa, na mwishowe mpango ukafa. Mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981 ulifanya kazi na wakulima wenyewe, na majani ya Guatemala bado mnayaona kwenye makinga ya mashamba.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba, wazee watatuonyesha chemchemi za zamani zilipita wapi. Mhandisi wa halmashauri atakagua msingi kabla zege halijamwagwa. Kamati ya manunuzi itanunua, kamati ya mapokezi itahesabu na kusaini, kamati ya ujenzi itasimamia fundi, nasi tutalipa tukiwa na karatasi za wote watatu. Mtu mmoja asinunue, asipokee na asilipe. Na ndugu wa mijini, tafadhali msitume saruji kwa binamu. Mifuko isiyopita kwenye daftari haihesabiki, na saruji iliyolala stoo mwezi baada ya mwezi inaganda.

Katika kila shilingi 100 mtakayochanga leo, 78 ni za madarasa yenyewe, 17 ni za ukuta, mifereji na tangi, na 5 ni za usalama na ukaguzi. Hatuwafichi kwamba uamuzi huu una maumivu. Mwakani bado kuna watoto watakaokaa watano kwenye dawati moja. Lakini ukuta tunaoujenga sasa umepimwa utoshe na darasa la tatu, na likija litakuta kiwanja kimeshaandaliwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na fedha ana mawe, asiye na mawe ana mikono, na asiye na nguvu ana kumbukumbu ya mahali maji yalipopita. Vyote tutavipokea na vyote tutaviandika.

 Karibuni tuchange.