Mashapo ya Judith Pool: Plazma, Krayo na Goti la Mtoto wa Mtera



Mwenzangu mmoja aliniambia kikaoni: "Krayo ni ya makumbusho." Yaani mwenye hemofilia apewe fakta ya 8 ya kiwandani, basi, plazma na krayo inayotokana nayo tuwaachie wanahistoria. Leo namjibu. Hemofilia, kwa ufupi, ni ugonjwa wa kurithi: damu hukosa fakta, yaani protini ya kuigandisha.

Sisi kwetu Mtera tuliijulia jandoni. Mjomba wangu alitahiriwa kabla bwawa halijajengwa. Wenzake walipona, yeye shuka lilibadilishwa hadi siku ya nne. Bibi hakutafuta mchawi. Aliuliza ni nani, upande wa mama, aliwahi kumwaga damu hivyo. Kromosomu X, inayobeba ugonjwa huu, hakuisikia maishani, ila swali lake ndilo ninaloanzia kliniki mpaka leo.

Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 30, goti limevimba kwa damu, anahitaji yuniti 600 za fakta ya 8 kufikia asilimia 40 ya kiwango cha kawaida. Mililita 1 ya plazma ina takriban yuniti 1. Kwa hiyo mililita 600, mzigo mzito kwa moyo wa mtoto, na mara nyingi tunakomea njiani. Krayo ni mifuko 8 hivi, na yote haijazi kikombe cha chai.

Kikombe hicho ni deni letu kwa Judith Pool wa Stanford. Plazma iliyogandishwa ikiyeyuka taratibu kwenye baridi, hubakiza utando mweupe chini, mithili ya mashapo ya pipa la mvinyo wetu wa zabibu. Mwingine angeumwaga. Mwaka 1964 Pool alionyesha kwamba fakta ya 8 imejikusanya humo. Tazameni vifaa: friza, sentrifuji, mifuko iliyounganishwa. Vikiwepo, hatuhitaji kiwanda cha dawa! Nikisimulia hili wanafunzi hucheka kwamba nimempenda marehemu. Wacheke.

Mwenzangu atasema krayo haikupitia hatua ya kuua virusi. Kweli, na ndiyo maana mchangiaji lazima apimwe. Atasema haina fakta ya 9, haimsaidii mwenye hemofilia B. Kweli pia, huyo, fakta yake ikikosekana, tunarudi kwenye plazma. Lakini asisahau mwanzo wa miaka ya 1980: dawa ya kiwandani, iliyochanganywa kutoka kwa maelfu ya wachangiaji, ndiyo iliyosambaza VVU kwa wenye hemofilia Marekani, Uingereza na Ufaransa. Mfuko wa krayo ulitoka kwa mtu mmoja.

Leo fakta ni salama, na nikiwa nayo naitoa bila kusita. Ila Afrika inategemea sana misaada ya Shirikisho la Dunia la Hemofilia, na msaada haujui goti litavimba lini.

Juzi mama alifika kutoka Mtera, mwanawe mgongoni. Fakta ilikuwa imekwisha. Tukayeyusha mifuko 8, na wakati inapata joto nikamuuliza lile swali la bibi.

"Kaka yangu," akasema. "Alifia jandoni."