Chema chajiuza? Duka dogo la Doha na tovuti yake mpya

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina harufu ya soko, mahali ambapo mnunuzi hupita, huona, hugusa na kuonja. Embe bivu halihitaji mpiga debe. Je, methali hiyo ina nguvu gani pale duka linapofunguliwa kwenye intaneti, ambako hakuna mpita njia wala harufu ya embe? Swali hilo linawakabili wafanyabiashara wadogo wengi wa Doha, mji mkuu wa Qatar, wakiwemo wale waliotoka Afrika Mashariki kwenda kutafuta riziki katika Ghuba.

Doha ni mji unaolijua soko. Katikati yake kuna Souq Waqif, jina ambalo kwa Kiarabu lina maana ya soko la kusimama, na neno hilo souq ndilo asili ya neno la Kiswahili soko. Humo wauzaji wa viungo, vitambaa na ndege aina ya kozi wanaweza kumwita mteja kwa sauti. Mwenye tovuti mpya hana sauti hiyo.

Na uchukuliwe mfano wa fundi cherehani mwenye duka dogo la kushona kanzu na nguo za vitenge. Amemlipa mtengenezaji wa tovuti, amenunua jina la mtandao linaloishia kwa .qa, na picha nzuri zimepangwa. Wiki mbili zinapita, na wageni wa tovuti hiyo ni yeye mwenyewe na binamu zake. Sababu yake si uchawi. Mitambo ya kutafutia habari, kama vile Google iliyoanzishwa mwaka 1998, hugundua kurasa mpya hasa kwa kufuata viungo kutoka kurasa nyingine. Tovuti isiyotajwa popote ni kama duka lililo ndani ya uchochoro, bila kibao mlangoni.

Kazi ya kwanza, basi, ni kutundika kibao. Fundi anaweza kuiarifu Google bila malipo kwamba tovuti ipo, na kuliweka duka kwenye ramani yake. Huko Doha anwani hutambulishwa kwa namba tatu zilizoandikwa kwenye vibao vya buluu: namba ya eneo, ya mtaa na ya jengo. Zikiandikwa vizuri, dereva wa kupeleka mzigo hapotei. Kisha mwenye mgahawa wa jirani, muuza vitambaa na chama cha wananchi wenzake waombwe kuitaja tovuti hiyo katika kurasa zao.

Kazi ya pili ni lugha. Qatar ina wakazi wapatao milioni tatu, na wengi wao ni wageni. Mteja hatafuti kwa maneno ya fahari. Huandika anachohitaji: kushona kanzu, kupunguza suruali, nguo za harusi. Maneno hayo ndiyo yanayopaswa kuonekana kwenye ukurasa, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa Kiarabu kilichosomwa na mjuzi wake kabla ya kuchapishwa.

Kazi ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kuaminiwa. Waafrika Mashariki wengi wamesikia habari za mawakala wa uongo waliouza viza na kazi hewa kwa njia ya mtandao. Mtu wa namna hiyo akifungua tovuti asiyoijua, huanza kwa kushuku, na ana haki. Tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara wa msingi nchini humo ni riyali 1,000 kwa mwezi, yaani kiasi cha dola 275. Anayepokea mshahara huo huhesabu kila riyali. Bei ikifichwa, au gharama ya kupelekewa mzigo ikijitokeza dakika ya mwisho, ataondoka na hatarudi.

Qatar ilitunga sheria ya biashara ya kielektroniki, namba 16, mwaka 2010. Muuzaji mwaminifu huonyesha jina lake, anwani, usajili wake, bei kamili na masharti ya kurudisha bidhaa. Hapa pana onyo. Tovuti si leseni. Mgeni aliyepewa ukaazi kwa ajili ya kazi fulani hapati ruhusa ya kufanya biashara kwa sababu tu amenunua jina la mtandao. Kuitangaza biashara isiyosajiliwa ni kujianika juani, na kinachoweza kupotea si mtaji peke yake, bali hata kibali cha kuishi.

Upo pia mtego wa haraka: kununua orodha ya namba za simu na kumtumia kila mtu matangazo. Sheria ya Qatar ya kulinda taarifa binafsi, namba 13 ya mwaka 2016, inataka mtu aridhie kwanza kabla ya kutumiwa matangazo ya namna hiyo. Hata bila sheria, ujumbe usioombwa ndio ule ubaya unaojitembeza.

Bora kujua saa ya mteja. Wakati wa kiangazi joto la Doha hupita nyuzi 40, na watu wengi hukwepa kutoka mchana. Katika Ramadhani mji huamka usiku. Anayeuliza bei saa nne usiku akajibiwa keshokutwa, amekuta mlango wazi na duka halina mtu.

Mwisho, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mteja aulizwe alilijuaje duka, na jibu liandikwe. Baada ya miezi mitatu daftari litaeleza kama fedha za tovuti zinarudi, au kama mteja mmoja aliyevaa kanzu iliyomkaa vizuri ameleta wengi kuliko matangazo yote.

Basi wahenga hawakukosea. Chema chajiuza, lakini baada ya kuonekana. Tovuti humfikisha mteja mlangoni; kinachomrudisha ni mshono.