Hukumu ya Pili

Mwigizaji Steven Kanumba alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi Kuu, tarehe 7 Aprili 2012. Aliyeshtakiwa ni Elizabeth Michael, Lulu, tuliyemtazama kwenye runinga tangu utotoni wake. Hata umri wake ulibishaniwa mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miaka miwili. Adhabu hiyo imekwisha. Sisi, chini ya migomba yetu, twaendelea na kesi: malezi yake, hata sala zake twazipima, nasi hatujapata kusali naye! Je, akiingia leo Misani, Kashozi kule Bukoba au Rubya hapa Muleba, nani kati yetu atamsogezea nafasi kwenye benchi?