Nchi Jirani: Maganda ya Kahawa Katika Tanuri la Saruji



Mwezi Januari mwaka 2008, ghasia zilipozuka nchini Kenya baada ya uchaguzi mkuu, reli iendayo Uganda iling'olewa katika eneo la Kibera, mjini Nairobi, na malori ya mafuta yakakwama njiani. Hazikupita siku nyingi, vituo vya petroli vya Kampala na Kigali vikaanza kukauka na bei ikapanda kwa kasi. Hapakuwa na jeshi lililovuka mpaka, wala risasi iliyoelekezwa Uganda au Rwanda. Barabara moja tu ilifungwa, na nchi mbili zikahema. Askari aliyewahi kungoja lori la mafuta porini haitaji kuelezwa zaidi maana ya jambo hilo.

Yafaa tukio hilo likumbukwe kila yanapozungumzwa mambo ya moshi wa viwanda na joto la dunia. Mazungumzo hayo huletwa mara nyingi kama hisani ambayo nchi maskini zinaombwa kuzifanyia nchi tajiri. Ukitazama kiwanda kimoja cha jirani, utaona kwamba jambo lenyewe lina sura nyingine.

Kiwanda hicho ni cha saruji, nacho kipo Hima, wilayani Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori. Kutoka bandari ya Mombasa mpaka hapo ni mwendo wa kiasi cha kilometa 1,500. Kila tani ya mafuta mazito au makaa ya mawe iliyotoka ng'ambo kwenda kulisha tanuri la Hima ilipaswa kusafiri mwendo huo wote, ikilipiwa kwa fedha za kigeni. Wakati huohuo, mashine za kukoboa kahawa za nchi hiyo zilikuwa zikirundika maganda nje ya milango yake. Waganda huiita kahawa iliyokaushwa na maganda yake "kiboko", na karibu nusu ya uzito wa kiboko ni maganda. Kiwanda cha Hima kiliyachukua maganda hayo, pamoja na pumba za mpunga na makapi mengine ya mashamba, kikayatia katika tanuri badala ya sehemu ya mafuta yake.

Kwa nini saruji izungumzwe kuliko bidhaa nyingine? Saruji huanza kwa mawe ya chokaa, ambayo husagwa pamoja na udongo kisha huchomwa katika tanuri refu linalozunguka, kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Hutoka vipande vigumu viitwavyo klinka, navyo husagwa kuwa unga. Katika kuchomwa huko, hewa ukaa hutoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni moshi wa makaa au mafuta, ambao kila mtu anauona. Ya pili haionekani, nayo ndiyo kubwa zaidi: jiwe la chokaa lenyewe limefunga hewa ukaa ndani yake, na joto linapolipasua, hewa hiyo huachiliwa. Tani moja ya klinka huachilia zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa kutoka katika jiwe peke yake, na kiasi cha kilo 300 nyingine kutoka katika moto. Ndiyo sababu saruji huhesabiwa kuwa chanzo cha asilimia 7 hivi ya hewa ukaa yote itokanayo na shughuli za binadamu duniani.

Hesabu hiyo inaweza kushushwa mpaka kwenye mfuko mmoja wa kilo 50, ule ambao askari huubeba begani akijenga nyumba yake. Mfuko ulio karibu klinka tupu umekwisha kutoa kilo 40 za hewa ukaa kabla haujafika dukani. Ikiwa sehemu ya klinka itapunguzwa ikawa asilimia 65, na nafasi yake ikajazwa majivu ya volkano yaliyosagwa, mfuko huohuo utakuwa umetoa kilo 28 hivi. Kilo 12 zimeondoka bila kununuliwa mtambo wa ajabu wala kuitwa mtaalamu kutoka ng'ambo. Afrika ya Mashariki haikunyimwa majivu hayo. Yapo Bonde la Ufa nchini Kenya, na yapo katika maeneo ya Fort Portal, si mbali na Hima.

Hapa ndipo mnunuzi naye anapoingia lawamani. Wajenzi wengi hutaka saruji iliyoandikwa 42.5 kwa kila kazi, hata kupiga lipu ukuta wa choo. Saruji ya 32.5 yenye mchanganyiko huitosha kazi hiyo, ilimradi fundi ajue kwamba hukomaa polepole na humwagiliwa maji kwa siku nyingi zaidi. Saruji ya nguvu kubwa ni ya nguzo, mihimili na madaraja. Kambi na vituo vya polisi hujengwa kwa maelfu ya mifuko, na afisa ugavi anayeagiza saruji kwa kufuata kazi iliyopo atakuwa amepunguza moshi mwingi kuliko mikutano kadhaa.

Baada ya klinka ndipo huja moto. Maganda ya kahawa nayo hutoa hewa ukaa yanapoungua, lakini hewa hiyo mkahawa uliivuta angani msimu uliopita, na mkahawa wa msimu ujao utaivuta tena. Makaa ya mawe huleta juu ya ardhi hewa iliyozikwa kwa mamilioni ya miaka. Hata hivyo, kazi yenyewe si nyepesi. Maganda yana joto dogo, hata inahitajika tani moja na nusu au zaidi ili kushika nafasi ya tani moja ya makaa mazuri. Ni mepesi, hivyo lori hujaa kabla halijawa na uzito wa maana, na yakisafirishwa mbali faida huishia katika dizeli. Yakinyeshewa hayawaki vizuri. Hupatikana kwa wingi wakati wa mavuno na kuadimika baadaye, na ghala lake linataka ulinzi wa moto usiku na mchana. Kiwanda kinachotaka njia hii hakina budi kuwa na maghala, mizani, mikataba na wakulima, na mafundi wanaoweza kubadili mlo wa tanuri bila kuharibu klinka.

Tena lipo swali ambalo wenye viwanda hawapendi kuulizwa. Maganda hayo hayakuwa takataka kila mahali. Wakulima wengi wa Uganda walikuwa wakiyatandaza chini ya migomba na mikahawa, yakahifadhi unyevu na kuirudishia ardhi rutuba yake. Kiwanda kinapoyanunua yote, mkulima hupata fedha leo na shamba hupungukiwa kesho. Mpango unaofaa ni ule unaomwachia mkulima sehemu yake, na kiwanda kikachukua yale yanayorundikana kwenye mashine za mjini. Vivyo hivyo kwa kuni: tanuri linalolishwa msitu usiopandwa tena halijapunguza kitu, limehamisha madhara tu kutoka kisimani hadi mlimani.

Umeme, kwa Uganda, si mzigo mkubwa wa moshi, kwani sehemu yake kubwa hutoka katika maji ya Mto Nile. Na Kenya nayo hupata karibu nusu ya umeme wake kutoka katika mvuke wa ardhini, hasa Olkaria. Lakini vinu vya kusaga hula umeme mwingi, na umeme unapokatika jenereta za dizeli huwashwa. Mabomba ya hewa yanayovuja, mota zinazozunguka bila kazi na joto linalopotea juu ya bomba la moshi ni hasara za kila saa. Huzibwa kwa spana na nidhamu.

Huko Mombasa, kiwanda cha saruji cha Bamburi kinajulikana kwa jambo jingine. Tangu mwaka 1971, mtaalamu wa mimea René Haller alianza kupanda miti katika machimbo yaliyobaki uchi baada ya mawe kuchukuliwa. Miti mingi ilikufa, mvinje ukastahimili. Majani yake hayakuoza mpaka majongoo yalipoletwa, yakayatafuna na kuyafanya udongo. Leo pale ni msitu, na watu hulipa kiingilio kuutembelea. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini msitu huo, pamoja na uzuri wake, hauwezi kumeza yote yatokayo katika tanuri la jirani yake, na kampuni yoyote inayoonyesha picha za miti kabla ya kuonyesha daftari la klinka na mafuta yafaa itazamwe kwa jicho la polisi. Daftari hilo linapaswa kuonyesha, mwezi kwa mwezi, mafuta yaliyochomwa, umeme ulionunuliwa, na mafuta ya malori yaliyoleta mizigo na kuichukua.

Viwanda hivi viwili vimebadili wenyewe. Mwaka 2024 Bamburi iliuza hisa zake za Hima kwa kampuni za Sarrai na Rwimi, na mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ya Amsons ya Tanzania ikanunua zaidi ya asilimia 90 ya hisa za Bamburi yenyewe. Kwa hiyo daftari la Bamburi si habari ya jirani peke yake tena.

Viwanda vya Afrika ya Mashariki si vyanzo vya msiba wa dunia. Bara zima la Afrika hutoa sehemu ndogo sana ya hewa hiyo. Lakini watu wa Kasese wanaishi karibu na matokeo yake. Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kiasi cha kilometa 7 za mraba. Leo haifiki hata moja. Mwezi Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulifurika kutoka milimani, ukabeba nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Na kila mafuriko ya namna hiyo yanapotokea, katika nchi yoyote, wanaotangulia kuingia majini kuwaokoa watu ni askari.

Kwa wamiliki wapya wa Hima, kipimo kitakuwa chepesi kukisoma: mwisho wa kila msimu wa kahawa, ni malori mangapi ya mafuta yaliyopanda kutoka Mombasa, na mangapi ya maganda yaliyoshuka kutoka mashambani.