Steringi Aliyesahau Jina Lake

Madaktari wapya, hongereni sana. Nimeombwa nisizungumzie sinema. Nitazungumzia sinema.

Katika The Bourne Identity ya mwaka 2002, wavuvi wanamwopoa Matt Damon baharini, risasi mgongoni, jina halijui. Huko Zurich polisi wawili wanamwamsha kwenye benchi la bustani. Kufumba na kufumbua wote wako chini. Kibanda umiza kizima kingesimama! Na hapo mtunzi kapatia. Ujuzi wa mikono haukai chumba kimoja na habari za maisha. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa hipokampasi ya ubongo pande zote mbili mwaka 1953 kwa ajili ya kifafa, alifundishwa na mwanasaikolojia Brenda Milner kufuatisha mchoro wa nyota huku akiutazama kwenye kioo. Mkono ukazidi kuwa mwepesi siku hadi siku, na kila siku zoezi lilikuwa geni kwake.

Mengine ni chumvi. Steringi amesahau yeye ni nani, lakini ya jana anayo yote, mpaka namba za magari yaliyoegeshwa nje ya mgahawa. Wodini mambo ni kinyume. Molaison alijua jina lake na utoto wake. Aliyemsahau ni mtu aliyetoka kuzungumza naye punde tu.

Sasa linaloniudhi. Mzee analetwa, anaulizwa, "Babu, unaitwa nani?" Anataja lake, la baba na la ukoo. Faili linaandikwa: kumbukumbu nzuri. Mkewe pembeni anasema, "Daktari, tangu asubuhi ananiuliza kama nimekula." Anajibiwa, "Ni uzee, mama." Uzee gani? Mpe mzee maneno matatu, pigeni soga za shamba dakika tano, kisha umwombe akurudishie. Na huyo mama apewe kiti, maana nusu ya vipimo anavyo yeye.

Wa kusahau jina wapo, wachache. Mwaka 1887 mhubiri wa Rhode Island, Ansel Bourne, alizinduka Pennsylvania akiwa na duka na jina la A. J. Brown, baadaye mwanasaikolojia William James akamchunguza. Mkimpata wa namna hiyo, hajijui lakini fomu kajaza vizuri, pigeni picha ya kichwa, sawa. Halafu ulizeni nyumbani kuna nini: deni, msiba, au kesi.