KUBISHANA SI KUGOMBANA
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Sisi wa ofisi ya maendeleo tukitembelea vikundi huuliza, "Mnaendeleaje?" Mara nyingi tunajibiwa, "Vizuri, hatuna maneno." Leo tulichunguze jibu hilo. Je, kikundi kisicho na maneno kina umoja? Ama maneno yake husemwa njiani, watu wakirudi nyumbani?

Fikirieni kikundi cha akina mama ishirini waliochanga pesa za matangi ya maji. Mwenyekiti anasema, "Afadhali tununue mashine ya posho. Wanaokubali?" Mikono yote juu! Wale wanaoteka maji mbali mtoni hawajapenda, lakini nani atambishia mama mwenyekiti? Baada ya miezi mitatu, sita hawaleti mchango. Hakuna aliyegombana na mtu, na kikundi kinakufa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wengine watasema, "Mkristo habishi." Basi tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wakristo waliosema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa chakula kikigawanywa kila siku. Mitume hawakusema, "Nyinyi ni wachochezi." Waliita mkutano, wakaomba wachaguliwe watu saba wa kusimamia kazi hiyo. Majina ya wote saba ni ya Kigiriki! Walionung'unika walisikilizwa, na wajane wakapata haki yao. Tena sura ya 15 yasimulia mkutano wa Yerusalemu, karibu mwaka wa 49. Walibishana sana kama watu wa mataifa ni lazima watahiriwe. Petro alisema, Paulo na Barnaba wakatoa habari za kazi yao, Yakobo akafunga maneno, na uamuzi ukaandikwa katika barua.

Tabia ya kunyamaza huanzia nyumbani na shuleni. Mtoto akiuliza "Kwa nini?" anaambiwa, "Nyamaza!" Akiwa mtu mzima atainua mkono tu pamoja na wengine. Mwalimu Paulo Freire wa Brazili alipinga masomo ya namna hiyo, ambapo mwalimu anamwekea mwanafunzi maarifa kama pesa benki. Yeye alianza na shida za watu wenyewe, wakaulizana sababu zake. Tangu miaka ya 1970 Kanisa hapa Kenya limetumia njia hiyo kufundisha viongozi wa vikundi.

Lakini tusichanganye mambo. Anayebishana anapinga jambo. Anayegombana anampiga mtu, kwa maneno au kwa panga. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 walikufa katika nchi yetu. Hatutaki kurudi huko. Kwa hivyo tujifunze kubishana vizuri katika mambo madogo ya kijijini:

1. Kabla ya kura, mwenyekiti aulize, "Nani anaona shida hapa?" Kisha angoje. Yeye asiwe wa kwanza kutoa maoni.

2. Tupinge hoja. Tusitaje kabila, ukoo wala ndoa ya mtu.

3. Kabla ya kumjibu mwenzako, rudia alivyosema, mpaka akubali kwamba umemsikia.

4. Kumwuliza mweka hazina risiti si kumwita mwizi. Mweka hazina mwaminifu hufurahi kuulizwa, maana vitabu vyake ndivyo vinavyomtetea.

5. Katibu aandike maoni ya pande zote mbili. Uamuzi ukipita, wote waufuate, na iwekwe tarehe ya kuuangalia tena.

Maswali ya kujadiliana kikundini: Katika mkutano wetu uliopita, nani hakusema neno? Tulimwuliza? Kuna jambo gani tunalolisema njiani, na hatulisemi mkutanoni?

Mungu awabariki katika kazi zenu.