Gunia la Lumbesa na Mgongo wa Mpagazi

Msikilizaji, ikitajwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa kawaida tunamlilia mkulima anayepunjwa. Leo tumtazame anayelibeba gunia lenyewe.

Pale sokoni, kijana hulitupia begani na kutoka mbio. Mzee hujifunga mkanda kiunoni, hukunja magoti kwanza, kisha huinuka polepole. Ujuzi unamlinda, lakini umri unamdai: misuli imepungua, na ile mito laini kati ya pingili za uti wa mgongo imeanza kukauka. Na kijana je? Nguvu anazo, ila maumivu ya leo huyaita uchovu tu. Deni linakuja baadaye.

Ikumbukwe kwamba mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe zaidi ya kilo 55. Lumbesa mara nyingi huvuka kilo 100.

Je, magunia yapunguzwe? Kwa upande mmoja, mfanyabiashara anasema magunia madogo yanaongeza gharama. Na mpagazi anayelipwa kwa gunia naye anahofia ujira kushuka. Kwa upande mwingine, mgongo ukishaharibika, hakuna ujira kabisa.

Swali linabaki: gharama ya mgongo huo ailipe nani?